RISC OS kwenye Raspberry Pi za zamani: kwa anayetaka kuijua kompyuta, si kuitumia tu

FundiChuno (mtoa mada), Mtwara

Wakuu salaam. Hivi vibodi vya Raspberry Pi vya mwanzo mwanzo (zile kompyuta ndogo za ubao mmoja), vile vya 2012 na 2013 ambavyo vimelala kwenye droo za watu, naona wengi wanauliza vifanyiwe nini. Ukiviwekea mfumo wa kisasa wenye madirisha na brauza vinaburuza miguu mpaka unakata tamaa. Naomba msivitupe. Viwekeeni RISC OS, kisha mkae na kijana mwenye hamu ya kujua kompyuta inafanyaje kazi. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu kwa mazingira yetu ya Kusini naona mfumo huu unatufaa sana.

Kwa asiyeijua: RISC OS ni mfumo endeshi wa kompyuta, kazi ya kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, hao hao waliotoa kompyuta ya BBC Micro mwaka 1981. Baadaye walitaka prosesa yao wenyewe. Sophie Wilson na Steve Furber wakaibuni, na chipu ya kwanza ikafanya kazi Aprili 1985. Ikaitwa Acorn RISC Machine, kwa kifupi ARM. Mwaka 1987 ikatoka kompyuta ya Archimedes yenye prosesa hiyo na mfumo ulioitwa Arthur, na Arthur ndiye aliyekua akawa RISC OS mwaka 1989. ARM ikajitenga na kuwa kampuni yake mwaka 1990. Acorn wakaachana na biashara ya kompyuta mwaka 1998, lakini mfumo haukufa. Pi nayo inatumia ARM, kwa hiyo RISC OS ilipohamishiwa huko mwishoni mwa 2012 ilikuwa inarudi kwa ndugu zake. Oktoba 2018 msimbo wake ukafunguliwa kwa leseni ya Apache. Leo unaupakua bure kihalali kabisa, na unaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha.

Sasa kwa nini nasema unatufaa. La kwanza ni umeme. Hapa mjini umeme unaweza kuondoka na kurudi wakati wowote, na wote tunajua kadi ya SD inavyoharibika mashine ikizimika ghafla. Mifumo mingi ya kisasa inaandika vitu kwenye kadi muda wote kimyakimya, hata ukiwa umekaa tu unaangalia kioo. RISC OS haina tabia hiyo. Inaandika pale unaposevu wewe. Umeme ukikatika ukiwa unasoma au unafikiri, kadi inabaki salama kwa kiasi kikubwa. Hatari iko kwenye ile nukta ya kusevu, basi. Umeme ukirudi, unawasha na ndani ya sekunde chache uko kwenye meza yako ya kazi. Kijana hapotezi dakika tano za somo akitazama duara linazunguka.

Halafu bando. Kila unachohitaji ili uanze kuandika programu kimo ndani tayari: mhariri wa maandishi, programu ya kuchora, na lugha ya BBC BASIC. Huhitaji kupakua kitu kingine wala kufungua akaunti. Mtoto wa Nanyamba au Kitaya asiye na intaneti nyumbani anapata somo lile lile analopata wa Shangani, hapa mjini.

Na tatu, hili ndilo ninaloling'ang'ania: mfumo ni mdogo. Toleo la 3.1 la miaka ile ya tisini mwanzoni lilienea kwenye megabaiti 2 za ROM (chipu ya kumbukumbu ya kudumu), pamoja na madirisha yake, fonti zake na BASIC. La sasa limekua, lakini bado ni megabaiti chache. Mtu mmoja mwenye subira anaweza kuufahamu kuanzia kitufe cha kibodi hadi nukta inayowaka kwenye kioo. Kwenye simu yako huwezi, na hata anayetengeneza simu hawezi akiwa peke yake.

Ukiwasha utaona utofauti mara moja. Mausi ina vitufe vitatu na vyote vina kazi. Hakuna menyu juu ya dirisha. Ukitaka menyu unabonyeza kitufe cha kati, na kwa mausi zetu za kawaida kitufe hicho ni lile gurudumu, libonyeze litakubali. Kusevu nako ni kwa namna yake. Inatokea ikoni ndogo ya faili, unaiandika jina, halafu unaishika na kuiburuta mpaka ndani ya folda unayoitaka, unaiachia. Mwanafunzi anaona kwa macho yake faili linakwenda wapi. Nimekutana na vijana waliomaliza kozi ya kompyuta ambao ukiwauliza barua waliyoandika imehifadhiwa wapi, wanakujibu "kwenye Word". Hapa jibu hilo haliwezekani, kwa sababu mkono wake mwenyewe ndio uliolipeleka.

Tuje kwenye BASIC. Bonyeza F12, andika BASIC, enta. Sasa mpe kijana kitu anachokijua. Huku kwetu ni korosho:

10 INPUT "Kilo ngapi", kilo
20 INPUT "Bei ya kilo moja", bei
30 INPUT "Makato kwa kilo", makato
40 PRINT "Mkulima anapata ", kilo*(bei-makato)

Andika RUN, enta. Inauliza, anajibu, inatoa hesabu. Mtoto ambaye baba yake anapeleka mzigo AMCOS (ushirika wa wakulima) kila msimu anaelewa papo hapo kilichotokea, na swali lake la kwanza litakuwa kuhusu makato. Mwache aulize. Mwongezee mstari wa ushuru, aongeze na mwingine. Kazi ya kufundisha imeshaanza hapo.

Angalizo moja kwa wanaoandika kwa Kiswahili, maana hili silioni likielezwa popote. Majina unayozipa namba zako yaandike kwa herufi ndogo. BASIC hii inatambua maneno yake yakiwa kwa herufi kubwa, na mengine inayakamata hata yakiwa mwanzo wa neno refu. Ukiita kitu ORODHA, inaona OR, neno lake, kisha inabaki na ODHA isiyojua ni nini. TOFAUTI inakuwa TO na FAUTI. ONGEZEKO inakuwa ON na GEZEKO. Utaletewa kosa na hutaelewa limetoka wapi, kwa sababu wewe umeandika Kiswahili sanifu. Andika orodha, tofauti, ongezeko, na kila kitu kinakwenda.

Maswali karibuni.

Mmasasi_Original

Mkuu nimekupata, ila swali. Kwa nini nisiweke Linux nyepesi isiyo na madirisha kwenye hiyo hiyo Pi? Nayo ni bure, ina lugha ya Python, na ndiyo inayotumika makazini.

FundiChuno

Mkuu, weka, na kadi ni mbili tu: moja ya Linux, nyingine ya RISC OS, unabadilisha unavyotaka. Sina ugomvi na Linux, mimi mwenyewe naitumia kazini. Ila mpe mtoto wa darasa la sita skrini nyeusi ya Linux, umweleze kwanza mtumiaji ni nani, nenosiri ni lipi, ruhusa za faili ni nini, na kwa nini amri hii inataka sudo (neno la kuomba mamlaka ya msimamizi) na ile haitaki. Yote hayo yana sababu nzuri kwenye mashine ya watu wengi. Kwa anayeanza ni ukuta. RISC OS haina nenosiri, haina ruhusa, mashine yote ni yako. Ukiandika programu ya kijinga inaweza kuangusha mfumo mzima, nawe utaelewa kwa nini, kisha unawasha tena na kazi inaendelea.

Na hapo pana somo zuri sana. RISC OS inaendesha programu nyingi kwa makubaliano: kila programu inafanya kipande chake kisha inaachia nafasi kwa hiari yake. Ni kama mzani wa korosho ghalani, mmoja akiung'ang'ania foleni yote inasimama. Programu ikigoma kuachia, unabonyeza Alt na Break kuifukuza. Kijana akishaona kuganda kwa namna hiyo, siku utakapomweleza kwamba Linux inainyang'anya programu nafasi kwa nguvu, ataelewa tatizo gani lilikuwa linatatuliwa.

Nachingwea Boy

Mimi nina programu ya zamani ya Windows XP ya duka langu la pembejeo, kompyuta yenyewe inakaribia kufa. Je, XP inaweza kukaa kwenye Pi? Maana umesema mifumo ya zamani inakaa.

FundiChuno

Hapana kaka. XP iliandikwa kwa ajili ya prosesa za ukoo wa Intel, na Pi ni ARM. Maelekezo ya prosesa moja hayasomeki na nyingine. Unaweza kuendesha emyuleta juu ya Linux, yaani programu inayoigiza prosesa ya Intel, lakini kwenye Pi za zamani XP itakwenda kwa mwendo ambao mteja ataondoka kabla risiti haijatoka. Kama programu yako ni ya DOS, hapo kuna matumaini: DOSBox kwenye Pi inaendesha vizuri programu nyingi za DOS. Kwa ya XP, toa nakala ya data yako leo, usingoje kesho, kisha utafute kompyuta nyingine ya ukoo wa Intel iliyotumika. Na usiiunganishe na intaneti, Microsoft waliacha kuitengenezea XP masahihisho ya usalama tangu Aprili 2014.

Dada_wa_Mtanda, Lindi

Asante mwalimu kwa uzi huu. Mimi nafundisha sekondari hapa Lindi na nina Pi mbili za mradi wa zamani ambazo hakuna aliyejua afanyie nini. Nimefuata maelezo yako, imewaka, ila kwenye kibodi nikibonyeza alama za kunukuu inatoa @, na nikitaka @ inatoa alama za kunukuu. Wanafunzi wanashindwa kuandika hata huo mfano wa korosho. Pia projekta ya shule haipo kwa sasa, nina TV ya chogo tu. Itakubali?

FundiChuno

Dada, kibodi haina ubovu. RISC OS imezaliwa Uingereza na inaamini kibodi yako ni ya Kiingereza cha huko, ambapo alama za kunukuu ziko juu ya 2. Kibodi nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina mpangilio wa Marekani. Bonyeza F12, andika Keyboard USA, enta, kisha enta tena kurudi. Utakuwa sawa kwa siku hiyo. Kuifanya ya kudumu utaikuta kwenye !Configure, programu ya mipangilio.

TV ya chogo inakubali, hasa kama Pi zako ni zile zenye tundu la njano la video, yaani Model B ya mwanzo. Chukua ile kadi, ichomeke kwenye laptopu, utaona sehemu ndogo inayosomeka na Windows. Ndani yake kuna faili linaitwa config.txt. Ongeza mstari sdtv_mode=2, hiyo ni kuiambia itoe PAL, mfumo wa TV zetu. Usipoweka, unaweza kupata picha isiyo na rangi au inayokimbia. Herufi zitakuwa na ukungu, kwa hiyo chagua mwonekano wenye herufi kubwa, na wanafunzi wakae karibu kidogo. Ukipata TV bapa yenye HDMI ni afadhali zaidi. Kama Pi inawaka kabla ya TV na picha haiji, ongeza hdmi_force_hotplug=1 humo humo.

Kwa shule yenye mashine mbili na wanafunzi arobaini, ushauri wangu ni waandike kwanza programu kwenye daftari. Wapitie mstari kwa mstari kwa kidole, kila mmoja aseme anatarajia jibu gani, ndipo wawili watatu wakaichape. Kusubiri zamu kunamfanya mtu afikirie kabla ya kugusa kibodi, na programu zao zinakuwa safi.

Kijana_wa_Ligula

Samahani mtoa mada, naheshimu moyo wako, ila sikubaliani. Watoto wa huku tayari tuko nyuma. Dunia iko kwenye akili bandia, sisi tunawarudisha BASIC na mfumo wa 1987 ambao hakuna kampuni itakayokuajiri kwa kuujua. Si tungewafundisha moja kwa moja kinacholipa?

FundiChuno

Hoja yako ni nzito na nashukuru umeileta waziwazi.

Hakuna atakayeajiriwa kwa kujua RISC OS, hilo ni kweli. Ila angalia kinachofundishwa. Ndani ya BBC BASIC kuna kitu kinaitwa asembla. Unafungua mabano ya mraba katikati ya programu yako na unaandika maelekezo ya prosesa yenyewe, MOV hii, ADD ile, na Pi inayatekeleza. Hayo ni maelekezo ya ARM. Simu uliyoshika, kwa karibu uhakika, ina prosesa ya ARM. Ni kweli simu mpya nyingi zimehamia biti 64 na RISC OS imebaki kwenye biti 32, majina ya rejista (visanduku vya prosesa vya kushikia namba) yanatofautiana na mengine yamebadilika, lakini ukishaelewa rejista ni nini na kumbukumbu inasomwaje, kuvuka upande wa pili ni kujifunza lahaja, lugha unayo tayari.

Hizo akili bandia nazo zinakwenda juu ya mashine. Mtu anayejua namba inakaa wapi, inachukua baiti ngapi, na kwa nini programu fulani inakula kumbukumbu, atakuwa na la kusema kwenye meza yoyote. Asiyejua atabaki mteja. Mimi sitaki watoto wa Mtwara na Lindi wawe wateja tu. Tumeuza korosho ghafi miaka mingi tukiona wenzetu wanabangua na kupata faida. Kwenye kompyuta nako ninaogopa tusije tukaishia kununua tu kilichobanguliwa na wengine.

Python wafundishwe pia, tena mapema. Sisemi RISC OS ichukue nafasi yake. Nasema kibodi cha Pi kilicho kwenye droo, ambacho Python na brauza pamoja vinakilemea, kina kazi hii na kinaiweza vizuri.

Kijana_wa_Ligula

Hapo kwenye asembla umenigusa. Ningependa kuona mfano mfupi siku ukipata nafasi. Na mimi nina Pi 5, nijaribie humo?

FundiChuno

Mfano nitauleta kwenye uzi wake, unahitaji maelezo ya pembeni. Pi 5 haitakubali. Prosesa yake, Cortex-A76, inaruhusu biti 32 kwa programu za kawaida tu, na kiini cha mfumo lazima kiwe biti 64. RISC OS ni biti 32 mpaka kwenye mifupa. Pi 1, 2, 3, 4 na zile Zero za mwanzo ziko sawa. Prosesa ya Pi 4 ina viini vinne lakini RISC OS itatumia kimoja tu, kwa hiyo usinunue mashine ya bei kwa ajili hii. Kama unayo Pi yenye Wi-Fi, tafuta toleo 5.30 la mwaka 2024, lilileta Wi-Fi. Zamani ilikuwa waya tu.

Mmasasi_Original

Na brauza? WhatsApp?

FundiChuno

WhatsApp haipo, YouTube haipo, mikutano ya video haipo. Brauza inayokuja nayo ni NetSurf, ambayo ilianzia humo humo kwenye RISC OS. Inafungua kurasa za maandishi vizuri, ila tovuti nyingi za sasa zimejaa JavaScript (programu zinazoendeshwa ndani ya kurasa) na hapo inakwama. Kwa somo la darasani kwangu huo ni unafuu. Mwanafunzi hana pa kukimbilia.

BabaNaswiru, Mikindani

Mimi ni fundi redio. Nyumba zetu ziko karibu na bahari, chumvi inakula kila kitu. Yangu ilianza kuzima zima yenyewe, nikahisi mfumo mbovu. Nilipofungua, pini za tundu la umeme zilikuwa na kutu ya kijani. Nimesafisha kwa spiriti na mswaki laini, imetulia. Wenye mashine kwenye ukanda wa pwani wasiziache wazi, hata kopo la plastiki lenye matundu linasaidia. Swali langu kwa mtoa mada: naweza kuwasha taa ndogo ya LED kutoka BASIC?

FundiChuno

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la kutu ni la muhimu, wengi wanalaumu kadi au mfumo kumbe ni mguso. Waangalie pia chaja: Pi ya kwanza inahitaji volti 5 na miliampia 700 au zaidi, na waya mwembamba mrefu unapunguza umeme njiani. Umeme wa nyumba ukikatika, pawabenki inaiendesha vizuri, na kama una TV ya sola ya volti 12 somo linaendelea hadi usiku.

LED inawezekana, RISC OS ya Pi ina moduli ya kusimamia pini za GPIO (za kuunganishia vifaa vya nje) na unaiita kutoka BASIC. Wewe ni fundi, huna haja ya kukumbushwa rezista, ohmu 330 inatosha. Ila wengine wanaosoma wazingatie hili: pini hizo ni za volti 3.3. Ukiingiza volti 5 kwenye pini ya kusomea unaua chipu, na kwenye Pi chipu ndiyo kila kitu.

Dada_wa_Mtanda, Lindi

Mrejesho: Keyboard USA imefanya kazi na TV imekubali kwa rangi. Wanafunzi wamebadilisha programu ya korosho iwe ya ufuta, wakaongeza na nauli ya pikipiki hadi ghalani. Sasa wanauliza wanawezaje kuhifadhi ili wafungue kwenye laptopu ya ofisi.

FundiChuno

Safi sana dada. Wasevu kama maandishi kutoka kwenye !Edit, ule mhariri wa maandishi, na jina waliandike ufuta/txt, kwa mkwaju. Kwenye RISC OS nukta inatenganisha folda, hivyo haitumiki ndani ya jina la faili. Wakiburuta faili hilo kwenye flashi ya FAT32 (mpangilio unaosomeka pia na Windows), mfumo wenyewe unageuza mkwaju kuwa nukta, na kwenye laptopu litaonekana ufuta.txt. Kabla ya kuchomoa flashi wabonyeze kitufe cha kati juu ya ikoni yake pale chini na wachague Dismount. Na tengeneza kadi ya pili ya akiba mapema, kwa laptopu, kwa kunakili imeji nzima (nakala kamili ya kadi) na siyo kukopi mafaili, kwa sababu laptopu inaona ile sehemu ndogo tu na kadi haitakuwa kamili.